Fundi Mkanda, Kaka Yetu Aliyeondoka Injini Ikiunguruma

Ndugu, jamaa, majirani, mafundi wenzake na wateja mliofika: mimi ni dada wa marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa. Ni mwalimu, na katika familia yetu kila panapotokea jambo la kuandikwa, kalamu hutupiwa mimi. Jumapili asubuhi nilikuwa nyumbani napiga pasi nguo za wiki, redio ikiimba. Kabla hata pasi haijapoa vizuri nilikuwa naulizwa kaka azikwe na koti lipi. Katikati hapo sijui kulipita nini. Hata ninaposoma karatasi hii naona kama wasifu wa mtu mwingine, na kaka mwenyewe yuko kule nyuma kasimama na wanaume wenzake, anangoja nimalize aje aniambie nimerefusha maneno. Nikisema "yuko" mahali pa "alikuwa", mnisamehe. Sijazoea.

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mnamjua kama Fundi Mkanda, alizaliwa Jumatano tarehe 9 Machi 1966, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa wazazi wetu, ambao wote wameshatangulia. Baba alikuwa msaga nafaka. Kaka alizaliwa nyumbani, katika chumba kilichopakana ukuta na mashine ya baba, mashine iliyozungushwa kwa mkanda mpana uliotoka kwenye injini ya dizeli. Mama alitusimulia kwamba kichanga kile kililala fofofo mashine ikinguruma, lakini siku mkanda ulipokatika na kimya kikaingia, kiliamka kikaangua kilio ambacho hakikukoma mpaka baba alipoushona mkanda na kuiwasha tena. Baba alikuwa akisema hakuzaa mtoto, alizaa msimamizi. Wateja walicheka, ila baba mwenyewe hakuwa anatania sana.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973 na kumaliza 1979. Katika masomo alikuwa wa katikati, hesabu akiziweza na insha zikimshinda. Kuna jambo moja la shule ambalo siwezi kuliacha, maana na mimi niliumia. Mwalimu mkuu wetu alikuwa na gari kuukuu ambalo kila asubuhi likikunja kona ya soko lilipiga yowe. Shule nzima tulilitegemea yowe lile. Likisikika, tulishuka juu ya madawati, tukafungua vitabu, tukawa malaika. Kaka, akiwa darasa la saba, alimfuata mwalimu mkuu kwa heshima zote akamwambia, "Mwalimu, mkanda wako umelegea, unateleza. Nikipata spana naukaza." Akapewa spana, akaukaza. Jumatatu iliyofuata mwalimu mkuu aliingia bila sauti yoyote akatukuta tuko hewani. Tulichapwa darasa baada ya darasa. Kaka hakusemeshwa na mtu mpaka likizo, na mimi niliyelala naye chumba kimoja sikumpa neno kwa wiki nzima. Yeye hakuelewa kosa lake. Aliniuliza kwa mshangao wa kweli, "Sasa mlitaka gari la watu liendelee kuumia?"

Baada ya hapo alijiunga na chuo cha ufundi, akapata cheti cha umeme wa magari mwaka 1983. Aliajiriwa katika karakana ya kampuni moja ya malori, akafanya kazi huko miaka kumi na minne. Mwaka 1998 yeye na rafiki yake, fundi rangi ambaye sote tunamwita Mzee Rangi, walifungua gereji yao wenyewe chini ya paa la mabati kando ya kituo cha mafuta. Gereji ile bado ipo. Juzi nilipita nikaona ovaroli yake imening'inia kwenye msumari, magoti yamekunjika vilevile kana kwamba miguu imo ndani.

Mliowahi kumpelekea gari mnajua alivyofanya kazi. Hakuanza na spana. Alianza na kipande cha mpira wa kumwagilia maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine akiipitisha taratibu mbele ya injini inayounguruma, kwenye alteneta inayochaji betri, kwenye pampu ya maji, kwenye kile kigurudumu kinachokaza mkanda. Kisha alinyunyizia mkanda maji kidogo na kutega sikio. Kelele ikizidi, alisema mkanda unateleza. Ikipotea kidogo halafu ikarudi, alisema puli, yale magurudumu yanayoushika mkanda, hazijakaa kwenye mstari mmoja. Isipobadilika kabisa, alisema maji hayana habari na beringi iliyochakaa ndani ya puli, akazima gari. Hapo ndipo alipotoa ufunguo akautia mfukoni mwake, akauvua mkanda, akaizungusha puli ya alteneta kwa vidole huku amefumba macho. Ikikwaruza, alijua. Ikiyumba, alijua. Zile puli za magari ya siku hizi, ambazo zinatakiwa zishike upande mmoja na kuteleza upande wa pili, alizijaribu kwa namna hiyohiyo, na ikishika pande zote mbili aliitoa palepale, akaweka nyingine, akapanga mkanda kwenye mifereji yake mmoja mmoja.

Dereva mmoja wa teksi, ambaye namwona pale amevua kofia, alifika kwake akiwa ameshafungiwa mikanda mitatu mipya kwingine, na yote ililia au kukatika. Kaka aliishika puli, akaona mifereji yake imeliwa na makali yametoka kama ya kisu. Alimwambia, "Ndugu yangu, hujawahi kuwa na shida ya mkanda. Mkanda unapiga kelele kwa sababu ndio unaoumia." Nayaandika maneno haya kama alivyoyasema, kwa kuwa wiki hii Mzee Rangi ameyarudia mbele ya wakubwa, na mtaona kwa nini.

Kumpokea kaka kama mgeni lilikuwa jaribu. Alikaa, akakaribishwa chai, na kabla hajaigusa alikuwa ameshatega sikio kuelekea jikoni. "Friji yenu hii imebakiza miezi miwili," angesema, bila kuulizwa. Kwenye harusi ya mtoto wangu alitoka katikati ya hotuba ya baba mkwe akaenda kuzungumza na mwenye jenereta. Niliapa siku ile kutomwalika tena. Jenereta ilikuwa kweli na kasoro, na alikuwa ameirekebisha kabla keki haijakatwa, lakini hilo si la kumwambia mtu aliyekuwa ameshakasirika.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1993. Mkewe, wifi yangu, alikuwa mwoka mikate mwenye kigari cha kusambazia, na kigari hicho taa ya chaji ilikuwa inawaka na kuzima inavyotaka. Alikipeleka kwenye karakana ya malori. Kulikuwa na kelele nyingi, na kaka, akiwa ameinama chini ya boneti, alipaza sauti mara kadhaa kumwomba awashe gari, wala hakusikika. Ndipo alipogonga bati la gari kwa kifundo cha kidole, ko-ko, na yule dada kwenye usukani akaelewa, akawasha. Alipotaka izimwe akagonga mara moja, naye akazima. Jioni kaka alinijia na uso ambao sikuwahi kumwona nao. Aliniambia, "Nimempata mtu anayewasha gari bila kulikaripia."

Tangu siku hiyo ukawa mtindo wao. Gerejini alikuwa na wenzake, lakini magari ya ndugu na majirani aliyatengeneza nyumbani Jumapili asubuhi, na aliyekaa kwenye usukani alikuwa mkewe, na vitambaa vyake vya kufuma mapajani. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa kaka mpaka kazi iishe. Ikiisha alimpelekea mkewe mkononi, akarudi mbele, akaangalia kwa mara ya mwisho, akasogea pembeni, ndipo akagonga. Mbili, washa. Moja, zima. Hawakuwa na haja ya kuonana, boneti iliyofunguliwa iliwakinga, na kwa zaidi ya miaka thelathini hapakutokea hata mkwaruzo. Watoto wao walikua wakijua kwamba wazazi wakikorofishana Jumamosi, Jumapili watapatana kwa kugongeana bati.

Kuhusu ugonjwa, ningependa kuwaambia aliugua, tungekuwa tumejiandaa. Hakuugua. Alikuwa na presha tangu mwaka 2019, alimeza vidonge vyake, na wifi alimhesabia ili asiruke. Mwezi Agosti alikwenda kupimwa akaambiwa inaendelea vizuri. Ijumaa kabla ya kifo chake alilalamika kiungulia, akasema amekunywa chai ya moto mno. Jumamosi alikuja kwangu kunirekebishia bawaba ya mlango, akacheka, akala, akaisema friji yangu. Mtu akiniuliza dalili nilizoziona, ninachokumbuka ni kwamba aliketi kidogo kabla ya kuondoka. Nani asiyeketi?

Kifo chake kilitokea Jumapili tarehe 14 Septemba 2025, nyumbani kwake. Yamesemwa mengi tangu siku hiyo, kwa hiyo nitaeleza kilichotokea kama nilivyokipata kwa wifi, kwa jirani na kwa daktari, wala sitapunguza.

Gari lilikuwa la jirani yao, mkunga mstaafu, na puli ya alteneta ndiyo ilikuwa imekwisha. Kaka aliibadilisha, akafunga mkanda mpya. Akampelekea mkewe ufunguo kwenye usukani akamwambia, "Ngoja nihakikishe umekaa kwenye mifereji." Akarudi mbele, akainama. Wifi akasikia bati limegongwa mara mbili. Akawasha.

Injini ikawaka vizuri, bila kelele. Wifi akaendelea kufuma akingoja mlio mmoja wa kuzima. Haukuja. Hakuona ajabu, kwa sababu kaka akiisikiliza injini aliyoitengeneza alikuwa anachelewa makusudi, na wifi hajawahi hata siku moja kuzima kabla hajagongewa. Akangoja. Injini ikaendelea kuunguruma mpaka yule jirani alipotoka na vikombe vya chai, akapita mbele ya gari, na vikombe vikamtoka mikononi.

Kaka alikuwa amelala kifudifudi juu ya injini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia kwenye mkanda. Mimi nilipofika, wifi alikuwa ameketi chini kando ya tairi, akiniambia neno lilelile, "Wifi, aligonga. Mimi nimemsikia kagonga. Wifi, si aligonga?" Nilikuwa bado nimeshika kitambaa cha pasi.

Ndugu zangu, msiba ukija ghafla watu hutafuta pa kuushikia. Jumanne jioni kilikaa kikao cha familia, na baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wetu aliyebaki, alisema waziwazi kilichokuwa kikinong'onwa jikoni. Alisema, "Mtu alikuwa mzima wa afya. Gari limewashwa na nani? Tusizungukezunguke. Andikeni ajali, na yule mwanamke asikae na wafiwa." Mzee Rangi, ambaye kwa ukoo si mtu wetu na alikuwa amekaa mlangoni kwa adabu, aliomba ruhusa akasema, "Mzee wangu, samahani. Marehemu alikuwa akipokea gari linalolia, wenzetu wote wanasema mkanda, yeye anasema kwanza nishike puli. Na sisi tungoje daktari ashike. Tusimkate huyu mama kwa sababu ndiye anayelia." Baba mdogo alimwambia gereji iachwe gereji, na kikao kikavunjika hivyo.

Jumatano daktari alimaliza uchunguzi, akatuita mimi na kifungua mimba wa marehemu. Nilimwomba aseme polepole maana nilikuwa sishiki maneno. Alisema moyo wa kaka ulisimama ghafla, na kwamba ulisimama kabla ya mkanda kumgusa. Kidonda cha mkononi hakikuvuja wala kuvimba kama kinavyofanya kwa mtu aliye hai. Mkono uliumia mwenyewe akiwa ameshakwenda. Mwanawe akauliza, "Sasa zile mara mbili alizogonga?" Daktari akasema marehemu ana alama kwenye paji la uso na nyingine kifuani, alipoangukia bati. Hakugonga. Alianguka. Yale aliyoyasikia wifi yangu akayatii, kama alivyotii maisha yake yote ya ndoa, ulikuwa mwili wa mumewe ukidondoka.

Nilikaa kwenye benchi la hospitali. Hakuna mwingine duniani ambaye angewasha gari kwa ishara ile, na hakuna mwingine ambaye angekaa anangoja ruhusa ya kulizima. Aliyemfanyia kaka hivyo ni yule tu aliyemsikiliza kwa muda mrefu kuliko sisi sote.

Nilimpelekea wifi habari nikidhani nimembebea nafuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hata kama alikuwa ameshakwenda, wifi, mimi ndiye niliyemwashia mashine mkononi. Zile mara mbili zilikuwa nzito, unajua? Nilisikia nzito, nikawasha tu." Kisha akanishika kiganja akasema, "Kwenye hizo karatasi usiniandike. Waandike watoto. Mimi nitasimama kule nyuma, nitamwona vizuri tu." Nikamwambia aache upuuzi. Akasema si upuuzi, ndivyo wenyewe walivyotaka, na yeye hawezi kuwapinga watu waliomzaa mumewe.

Kwa hiyo kazi hii ya wasifu, ambayo kwa kawaida ni ya kupanga tarehe, ikawa kwangu ni ya kuamua kama mwanamke atamzika mumewe au atamtazama akizikwa na wengine. Ningeandika "ajali" kama nilivyoagizwa, ningekuwa nimemhukumu kwa maandishi, na karatasi hizi mtazipeleka majumbani, wajukuu watazisoma. Baba mdogo, uko hapo mbele na ninakuheshimu, lakini kalamu mlinipa wenyewe. Nimeandika hivi: marehemu alifariki kwa moyo kusimama, akiwa kazini, mkewe akiwa karibu naye. Kila neno hapo nimelipima.

Nilipokuwa nampelekea mchapaji rasimu ya kwanza ya karatasi hii, siku ya Alhamisi, simu iliita. Alikuwa baba mdogo. Alisema, "Nimetoka kwa yule daktari. Nimekwenda peke yangu." Nikajua nitagombezwa. Akasema alimwuliza jambo lilelile mpaka daktari akamwonea huruma, akamwambia, mzee, hata angekuwa amekaa kitandani siku ile asingepona. Halafu akaniuliza, "Mke wa mwanangu umemweka wapi?" Nikasema nimemweka wa kwanza. Akasema, "Basi kiti chake kiwe kando ya changu. Nilimtoa mbele ya watu, nitamrudisha mbele ya watu." Nilisimama barabarani na simu mkononi, na hapo ndipo machozi ya wiki nzima yaliponipata. Watu walinipita wakidhani nimeibiwa.

Marehemu ameacha mke, ambaye aliniomba nisimwandike. Ameacha watoto watatu: kifungua mimba wake wa kike, ambaye ni mhasibu, wa kiume, dereva wa malori, aliyeendesha usiku na mchana kufika hapa, na kitinda mimba wake wa kike aliye chuoni. Ameacha wajukuu wawili, wadogo zake watatu, wa kiume mmoja na wa kike wawili, nikiwemo mimi, maana kifungua mimba wetu alishatangulia, baba mdogo mmoja, na Mzee Rangi, ambaye kuanzia leo ninamhesabu katika ukoo, anayepinga aje kwangu. Familia inawashukuru majirani, mafundi, madereva na wote waliotushika mkono, hasa mama mkunga, ambaye hajalala tangu siku ile na anahitaji naye kupewa pole.

Kaka yetu apate pumziko la amani alilolistahili, na Mungu aliyemtoa ghafla hivi atusaidie kuelewa, kwa maana sisi bado.

Wifi, sijui ninapoandika hapa kama utakuwa umekubali kutoka huko nyuma. Kiti kando ya baba mdogo ni chako. Ukiwa bado hujakikalia wakati ninamaliza kusoma, sitashuka hapa, na tumekubaliana na wabeba jeneza kwamba hawatamshusha mpaka ukae. Njoo, mama. Tunakungoja.